Kabla ya matokeo alikuwa mwanao

Baraza la Mitihani (NECTA) likitangaza matokeo ya kidato cha nne, huku kwetu Soweto, Moshi, simu hazipumziki. "Wako kapata ngapi?" Ndiyo salamu ya wiki hiyo, hata nje ya kanisa tunaposubiri mnada wa ndizi na mayai ya sadaka.

Mwaka mmoja salamu hiyo ilinikuta na binti aliyepata daraja la nne. Nilijibu, "Tuache hayo." Naye alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Hakulia. Ila Jumapili iliyofuata hakwenda kwaya, na kwa miezi mingi hakuimba, hata jikoni.

Nilidhani alama ndizo zilizomnyamazisha. Aliniambia mwenyewe baadaye, tukichuma kahawa kwa bibi yake Kibosho: "Baba, ile nne niliizoea. Lile 'tuache hayo' ndilo ninalolala nalo."

Alama zina uzito, tusidanganyane. Zinaamua nani aende kidato cha tano, na kijana wa miaka 17 analijua hilo kuliko sisi. Lakini furaha ya kufaulu hupoa. Aliyepata daraja la kwanza naye huanza kuhofia kidato cha sita. Kinachokaa naye mwaka baada ya mwaka ni alichokiona usoni mwa mzazi siku ile. Tena wapo wanaofaulu wakaamini wanapendwa kwa sababu ya daraja. Hao nawahurumia zaidi, hawana siku ya kupumzika.

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Sisi mitaani tumeendelea kutangaza wenyewe.

Soma Mathayo sura ya 3. Yesu anapanda kutoka majini Yordani. Hajahubiri, hajaponya mgonjwa, hajaita mwanafunzi hata mmoja. Hapo ndipo sauti ya Baba inatamka kutoka mbinguni kwamba huyu ni Mwanawe, na anapendezwa naye. Kazi ilikuja baadaye. Mimi nilitaka kazi kwanza.

Binti alirudia mtihani. Siku ya matokeo nilimfuata kabla hatujafungua simu, nikamwomba msamaha. Alinitazama kidogo, kisha akauliza kama Jumapili nitawahi ibada ya kwanza, maana kwaya yao ilikuwa na zamu.