Kifandugu Kikiuma, Ulipie Nini Kwanza?

Umeanguka na bodaboda ukafikia makalio. Wiki nzima kukaa ni taabu, na kila jirani anakuhimiza ukapige eksirei. Kabla hujatoa hela, jua hili: kwa maumivu mengi ya kifandugu, yaani mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo, picha haibadilishi tiba. Mfupa uwe umepasuka au umetikisika tu, utapewa dawa ya maumivu, utakalia mto wenye uwazi kwa nyuma, kisha utasubiri wiki kadhaa, pengine miezi miwili mitatu. Kifandugu hakifungwi plasta.

Ndiyo maana nashauri hela ya kwanza iende kwa daktari wa karibu, akupime kwa mikono. Kwa mtu wa Butiama, kwenda Musoma ni kushuka hadi Makutano kisha kushika barabara kuu. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku ya kazi iliyopotea, nayo ni sehemu ya bei ya picha. Wa Bunda yuko njiani, anaweza kuelekea Musoma au Mwanza. Lakini Bugando, iliyoko Mwanza, ni hospitali ya kanda. Usiifuate kwa picha ya kawaida bila barua ya rufaa.

Daktari akiandika eksirei, piga simu kwanza uulize kama mashine inafanya kazi na mtaalamu wa mionzi yupo. Uliza pia kama bei ni ya picha moja au mbili, maana kifandugu hupigwa kwa mbele na kwa ubavu, na kama kusomewa majibu kunalipiwa peke yake. Hapo ndipo bei ya hospitali ya serikali na ya binafsi inapolinganishika kwa haki. Mwenye bima aulize kama kadi yake inapokelewa. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii kuhusu msamaha. Dai risiti.

Kwenye chumba cha eksirei ni dakika chache: unavua vyenye chuma, unalala chali, kisha ubavu. Mionzi ya picha hii inazidi ya picha ya kifua na inapita kwenye nyonga, hivyo mwenye dalili ya mimba aseme mapema.

Ukipata ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea, ukishindwa kuzuia mkojo au choo, acha kulinganisha bei. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.