Kuutawala Moto wa Jiko Jipya la Moshi

Sisi wakulima wa karafuu twajua ya kuwa kukausha kitu si kukichoma. Karafuu zikirundikwa mbichi huvunda. Zikiharakishwa kwa moto mkali huungua, mafuta yakapotea na bei ikaanguka. Samaki naye ana sheria hiyo hiyo. Wanachama wetu kadhaa wana jamaa na mitaji katika uvuvi wa Sudi, mji wa pwani ulio kusini ya Lindi, na swali wanalotuletea ni moja: jiko jipya la mkaa lenye kifuniko hupanda joto ghafula, samaki akaungua nje na huku mfupani bado mbichi. Afanyeje mtu? Twaeleza hapa kwa taratibu.

Moto hutawaliwa kwa hewa

Mkaa hauwaki kwa wingi wake tu, bali kwa hewa unayoipata. Jiko la namna hii lina tundu la chini la kuingiza hewa, na tundu la juu la kutolea moshi. La juu liacheni wazi, maana moshi ukikosa njia hugeuka masizi na samaki huwa mchungu. La chini ndilo usukani. Lisogezeni kidogo, ngojeni dakika 15, ndipo msome kipimajoto. Asiyengoja hufungua, huona joto haliji, hufungua tena, na mara moto wote huamka pamoja. Kupandisha joto ni rahisi. Kulishusha ni kazi, kwa kuwa kuta za jiko nazo zimekwisha shika moto. Kwa hiyo anzeni kuziba tundu joto linapokaribia kiasi mtakacho, msingoje mpaka lipite.

Msiwashe mkaa wote kwa mara moja. Washeni makaa machache pembeni, kisha myaweke juu ya mkaa usiowashwa, moto ushuke pole pole. Na kifuniko kisifunuliwe ovyo. Joto hutoka kweli, lakini hewa nyingi huingia, na kikifunikwa tena makaa huwaka kupita kwanza. Wakati wa kusi, tundu la chini lisielekee upepo.

Kati ya moto na samaki wekeni sinia pana yenye maji. Maji hunywa joto linalozidi, na sinia hukinga mafuta. Mafuta yakidondokea makaa hutoa moshi wenye sumu, na baadhi ya sumu hizo zajulikana kuleta saratani. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2014, zimeweka mpaka wa mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo 1 ya nyama ya samaki wa moshi. Mafundi wa FAO na wenzao wa chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegal, nao waliweka sinia ya kukinga mafuta katika jiko lao kwa sababu hiyo hiyo.

Daraja tatu za joto

Kipimajoto kiwe usawa wa samaki, si juu katika kifuniko. Kwanza kijaribuni katika maji yanayochemka. Kisiposoma digrii 100 za Sentigredi au karibu yake, msikitegemee.

Daraja ya kwanza ni digrii 40 hivi, mpaka ngozi ikauke. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Moto mkali mapema huifanya ngozi kuwa ngumu kama ganda, maji yakafungwa ndani, na samaki huoza akiwa na sura nzuri. Daraja ya pili ni digrii 50 mpaka 60, na hapo moshi ndio hushika. Makumbi ya nazi au kuni kavu za mwembe zafaa, bali mbao zilizopakwa rangi hazifai kabisa. Daraja ya tatu ni 70 mpaka 80, hata nyama iliyo nene kabisa ifike 63 kwa ndani na ikae hivyo dakika 30.

Samaki huyo ameiva, lakini hajakauka. Ataliwa karibu, au atawekwa katika barafu. Anayepelekwa masoko ya bara hana budi kuendelea kukaushwa kwa moto mdogo mpaka maji yaliyobaki yawe chini ya 25 kwa mia, na mizani ndiyo itakayosema. Samaki aliyekwisha pasuliwa na kusafishwa ana maji 75 kwa mia hivi. Basi katika kilo 10 mna kilo 2 na nusu tu zisizo maji. Akibaki na maji 25 kwa mia atapima kilo 3 na theluthi. Ni kilo 3 kuleta 1, kama karafuu zetu.

Hatari tatu

La kwanza, vibua na jodari waliokaa juani kabla ya kufika jikoni huzaa sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiuawi na moto wala moshi. Mlaji huwashwa, hubadilika rangi ya ngozi, huumwa na kichwa na kutapika. Samaki wa namna hiyo hana dawa ila kutupwa, ijapokuwa mtaji utauma.

La pili, makaa hutoa hewa ya sumu isiyo harufu, nayo huua watu usingizini. Jiko liwekwe uwanjani au katika banda lililo wazi pande zake. Mvua isiwe sababu ya kuliingiza nyumbani, hata makaa yakionekana yamekufa.

La tatu ni jiko lenyewe. Pipa lililowahi kutiwa dawa za shamba au kemikali lisitumiwe kamwe, wala wavu uliopakwa zinki usiwekwe juu ya moto. Jiko jipya liwashwe tupu kwanza kwa saa kadhaa, lianze kwa moto mdogo. La udongo litakauka bila kupasuka, na la chuma litaunguza mafuta ya kiwandani.

Mwisho, twawashauri kuwa na daftari. Andikeni saa, uwazi wa tundu la chini kwa vidole, joto lililosomwa, na uzito wa samaki kabla na baada. Majiko mawili ya fundi mmoja hayalingani, na kwa mara nne au tano mtalijua la kwenu. Mwenye kuandika hesabu hizo na atuletee nakala ofisini, tuzilinganishe kwa faida ya wote.