Umeihifadhi Wapi?

Katika maduka ya kuchapa na kutoa fotokopi ya Mpumudde, kule Jinja, swali linalowakwamisha vijana si gumu hata kidogo: "Umeihifadhi wapi?" Kijana amekuja kuchapisha barua ya kuomba kazi. Juzi aliiandika mwenyewe, akabofya kuhifadhi, akaenda zake. Leo hajui imo kwenye folda gani wala aliipa jina gani. Mwenye duka anamtafutia faili baada ya faili, na wateja wengine wanazidi kujipanga nyuma yake.

Simlaumu. Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa simu, na simu humfichia mtu mafaili yake. Picha anazikuta penye picha, nyimbo penye nyimbo, bila kulazimika kujua zinakaa wapi. Kompyuta ya mezani humdai zaidi. Iwe ni Windows au Linux, mfumo endeshi umepangwa kama kabati la ofisi, droo ndani yake majalada, na mwenye kazi ndiye anayechagua jalada na kuliandika jina.

Shuleni jambo hili hupitwa haraka mno. Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita nchini Uganda husoma TEHAMA kama somo dogo, na ukiwauliza mfumo endeshi ni nini watakujibu bila kusita. Lakini wanapokaa wanne kwenye mashine moja, mmoja hushika kipanya na watatu hutazama. Kwa maoni yangu, wiki za kwanza zote zingekuwa za kazi moja tu: kila mtoto afungue folda yake, aipe jina, ahamishe faili, alinakili kwenye flashi, alifute lile la kwenye kompyuta, kisha alirudishe kutoka kwenye pipa la taka. Kwa mkono wake mwenyewe.

Na umeme nao una somo lake. Jinja imefua umeme tangu 1954, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, lakini umeme hukatika huko kama kwingineko. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuiokoa. Unachokiandika hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hupotea mara mashine inapozimika. Kikihifadhiwa ndipo huandikwa kwenye diski. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya, bila kukumbushwa.

Sasa kuna sababu nyingine ya kuharakisha mafunzo haya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa marekebisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya, na kompyuta nyingi za mitumba hazina. Mashine hizo bado ni nzima. Mifumo ya Linux kama Mint au Ubuntu hupatikana bure na huingizwa kwa flashi. Aliyekariri kitufe kiko pembe gani ya skrini atababaika siku atakapokuta mfumo umebadilishwa. Anayejua kazi yake iko folda gani ataipata kabla ya kipindi kwisha. Walimu wa Mpumudde wanaweza kuanza muhula ujao, kwa mashine hizo hizo walizo nazo.