Swali la Mwanachama: Pikipiki Isiyo na Klachi ya Mkono

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliofanywa baada ya msimu kumalizika, mazungumzo yalipokwisha na watu wakawa wanakunywa kahawa barazani, mzee mmoja alinivuta pembeni. Wengi wenu mnamjua, lakini jina lake silitaji. Misimu miwili iliyopita alikuwa juu ya mkarafuu, tawi likakatika, akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa umeunga, alhamdulillahi, lakini vidole havikamati tena kama zamani. Kikombe cha kahawa anakishika. Klachi ya pikipiki haivuti. Tangu siku ile pikipiki yake imefunikwa turubai uani. Akitaka kwenda shamba, au kupeleka karafuu kituoni, humwomba kijana wake ampakie, na kijana asipokuwapo hungoja.

"Bwana Katibu," aliniambia, "wewe mwanangu umesoma skuli. Nimesikia ziko pikipiki kubwa zinazojitia gia zenyewe, na mafuta hazili sana. Msimu huu Mungu amejaalia. Nataka unieleze kweli, nisije nikazitia pesa za karafuu katika jambo nisilolijua."

Nilimwahidi kwamba nitatafuta habari na kuziandika katika gazeti letu hili, kwa kuwa swali hili si lake peke yake. Wako wenzetu wengine walioanguka mikarafuu, na wako wengi zaidi ambao kila ufikapo msimu mzuri huwaza kununua chombo. Haya basi ndiyo niliyoyapata.

PIKIPIKI YENYEWE

Pikipiki aliyoisikia mzee wetu ni ya kampuni ya Honda ya Japani, nayo huitwa NC700X. Ilionyeshwa mara ya kwanza katika maonyesho ya pikipiki mjini Milan, Italia, mwezi wa Novemba 2011, na mwaka 2012 ikaanza kuuzwa. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 670. Mwaka 2014 ilikuzwa ikawa 745, na jina likawa NC750X. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu aendaye kazini na kurudi kila siku, na ambaye siku nyingine hutaka kusafiri mbali.

Jambo lililonipendeza ni namna walivyoanza kazi. Kabla ya kuiunda, wahandisi walichunguza watu wenye pikipiki za kiasi hicho huziendeshaje. Honda walieleza kwamba asilimia 90 waliwaona wanakwenda chini ya kilomita 140 kwa saa, na asilimia 80 injini zao hazifiki mizunguko 6,000 kwa dakika. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakinunua nguvu wasiyoitumia, na juu ya hivyo wakiilisha petroli. Ni kama mtu mwenye watoto watatu kupikia kila siku sufuria ya arusi: kuni nyingi, na chakula ni kile kile.

Basi wao waliacha kutafuta mbio, wakatafuta nguvu ya kuvuta. Injini ina silinda mbili tu. Kila silinda ya ile injini ya kwanza ilikuwa na upana wa milimita 73, na pistoni ikisafiri milimita 80. Vipimo hivyo ni vile vile vya injini ya motokaa yao ndogo iitwayo Fit, ambayo Ulaya huitwa Jazz, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita 1,339. Ukiigawa motokaa hiyo kwa mbili, karibu utapata pikipiki hii. Nguvu yake ni farasi 47 hivi, si nyingi kwa ukubwa huo, lakini hupatikana injini ikizunguka polepole, na injini izungukayo polepole haili sana.

Ubanifu wao haukuishia kwenye petroli. Sahani za breki za mbele na za nyuma zilikatwa katika bamba moja la chuma, ile ndogo ikitoka katikati ya ile kubwa, kisitupwe kitu. Pampu ya maji na pampu ya oili zilifungwa katika shafti ambazo tayari zina kazi nyingine, vipande vipungue. Injini ililazwa mbele kwa digrii 62, na tangi la petroli likawekwa chini ya kiti. Mahali pa tangi, baina ya kiti na usukani, pakapatikana kisanduku cha lita 21, ambamo kofia ngumu nzima huingia na kufungiwa.

HESABU YA PETROLI

Kwa kipimo cha watengenezaji, NC700X yaenda kilomita 27.9 kwa lita moja. Njiani, mtu akibeba mzigo au akikimbia, atapata pungufu, lakini tuichukue hesabu hiyo. Tangi ni la lita 14.1. Zidisha, utaona kwamba tangi likijaa huenda kilomita 393. Kisiwa chetu cha Pemba urefu wake ni kilomita 67 hivi. Basi tangi moja lingekaribia kumchukua mtu ncha hadi ncha mara sita. Na mwenye safari ya kilomita 30 kwenda na 30 kurudi angetumia lita mbili na kidogo tu.

Kwa pikipiki ya ukubwa ule ni jambo la kusifiwa. Lakini pikipiki ndogo za sentimita za ujazo 100 au 125 tunazozijua sisi hula kidogo zaidi kuliko hiyo. Anayeipenda hii kwa ajili ya petroli peke yake alijue jambo hilo mapema.

GIA ZAJITIAJE ZENYEWE?

Sasa tufike kwenye lile lililomgusa mzee wetu. NC700X iliuzwa kwa namna mbili: moja ina klachi ya mkono kama kawaida, na ya pili haina kabisa. Katika ile ya pili, upande wa kushoto wa usukani hapana mkono wa klachi wa kuvuta, wala hapana kanyagio la gia mguuni. Honda waliianza kazi hii katika pikipiki yao kubwa zaidi, VFR1200F ya mwaka 2010, kisha wakaileta katika hii ya watu wa kawaida.

Siri yake ni klachi mbili mahali pa moja. Klachi ya kwanza ina gia ya 1, ya 3 na ya 5. Klachi ya pili ina gia ya 2, ya 4 na ya 6. Shafti zao zimeingizana, moja ndani ya nyingine. Ukiwa unakwenda katika gia ya 2, gia ya 3 yaweza kuwa imekwisha kutiwa, inangoja zamu yake. Wakati ukifika, klachi moja yaachia na nyingine yashika papo hapo. Mmewaona wachumaji wawili wakipokezana pakacha lililojaa karafuu: wa pili hulikamata kabla wa kwanza hajaliachia, na pakacha haligusi chini. Ndivyo ilivyo. Kazi ya kushika na kuachia hufanywa na mgandamizo wa oili, na oili huamrishwa na valvu za umeme zinazotii kompyuta ndogo, ambayo huangalia mwendo wa pikipiki, mwendo wa injini na kiasi cha mafuta ulichotia.

Mpandaji huchagua. Akiweka D, gia hupanda mapema na petroli hupona. Akiweka S, gia huchelewa kupanda ili apate nguvu. Na akitaka kuchagua gia mwenyewe, viko vitufe upande wa kushoto: kimoja cha kidole gumba cha kushusha, na kimoja cha kidole cha shahada cha kupandisha. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, na ya nyuma mguu wa kulia. Pikipiki ikisimama haizimi, hata ukisahau.

Basi kwa swali lililoulizwa, jibu ni ndiyo. Mtu ambaye mkono wake wa kushoto waweza kushika usukani barabara, lakini hauwezi kuvuta klachi, anaweza kuiendesha.

LAKINI

Ndugu zangu, ndiyo hiyo ina mkia, na mimi sikutaka kuuficha.

Kwanza, uzito. NC750X ya mwaka 2021 yenye klachi ya mkono ina kilo 214, na yenye gia za kujitia ina kilo 224. Ikikulalia katika njia ya udongo siku ya mvua, mwenye mkono mmoja mzima hawezi kuiinua peke yake. Njia zetu za mashambani mnazijua.

Pili, bei. Nchini Marekani mwaka 2012 ile ya klachi ya mkono iliuzwa kwa dola 6,999, na ile ya gia za kujitia, pamoja na breki za ABS zisizofunga gurudumu, kwa dola 8,999. Dola 2,000 zaidi! Fedha hiyo hairudi kwa petroli. Gia za kujitia hununuliwa kwa ajili ya mkono, hazinunuliwi kwa ajili ya mfuko.

Tatu, matengenezo. Ile ya gia za kujitia ina chujio la pili la oili, la upande wa klachi, na hitilafu ya valvu za umeme hutaka fundi mwenye chombo cha kuisoma kompyuta. Fundi wetu wa chini ya mwembe ni hodari, lakini kazi hii hakufundishwa. Tena hapana gia ya kuizuia isiteremke ikizimwa mlimani. Hapana budi kufunga breki ya kuegeshea, na mwenye haraka akisahau ataikuta bondeni.

Nne, kugeuka polepole. Wengi wetu tukigeuka mahali pembamba hushikilia klachi nusu. Hapa hapana cha kushikilia. Mtu hujifunza kuizuia kwa breki ya nyuma huku akitia mafuta kidogo kidogo.

NDUGU YAKE MDOGO

Katika kutafuta habari hizi ndipo nilipokutana na jibu ambalo naliona laafiki zaidi hali yetu, nalo ni la zamani kuliko mimi. Mwaka 1958 kampuni hiyo hiyo ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, ya sentimita za ujazo 49 na kilo 55. Bwana Soichiro Honda na mwenzake Bwana Takeo Fujisawa walitaka chombo ambacho hata kijana wa mkahawa angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, huku wa pili umebeba sinia la tambi za wateja. Kwa hiyo klachi ya mkono iliondolewa. Ndani mliwekwa klachi inayoshika yenyewe injini ikienda mbio na kuachia yenyewe ikipungua. Gia hubadilishwa kwa mguu wa kushoto, breki ya mbele ni mkono wa kulia, na ya nyuma mguu wa kulia. Mkono wa kushoto kazi yake ni kushika usukani tu.

Haina kompyuta wala valvu za umeme za gia. Jamii hiyo imeendelea hadi leo kwa injini kubwa kidogo, na mwezi wa Oktoba 2017 idadi ya Super Cub zilizotengenezwa ilifika milioni 100. Makampuni mengine nayo hutengeneza za namna hiyo, na uzito wake haufiki nusu ya NC750X. Lakini tahadhari: msiichanganye na skuta. Skuta nyingi hazina klachi, ni kweli, walakini mkono wa kushoto huvuta breki ya nyuma, na mwenye vidole dhaifu atakuwa amekimbia mvua na kuangukia kisimani.

SHAURI LANGU

Anayetaka kununua chombo chochote, na atazame mambo haya. Kwanza, aandike safari zake za wiki nzima: wapi, mbali gani, na mzigo gani. Hivyo ndivyo walivyofanya wale wahandisi, nasi haitugharimu ila kalamu. Pili, aulize kabla ya kulipa: tairi, cheni na vipuri hupatikana wapi, na fundi ni nani? Tatu, akumbuke kwamba msimu mkubwa haufuatwi na mwingine mkubwa kila mwaka. Chombo hununuliwa kwa fedha ya mwaka wa neema, lakini hula, huvunjika na hutakiwa ada hata mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Nne, kwa aliyeumia, daktari autazame mkono kwanza, kisha ajaribu uwanjani, siyo barabarani.

Nilimpelekea mzee wetu majibu haya kabla ya kuyaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo ile kubwa ni nzuri, lakini si yangu." Nikamwambia, "Ndivyo, mzee wangu." Akacheka, akasema kwamba maisha yake yote amepanda mikarafuu mirefu, sasa atapanda kitu kifupi. Wiki hii anakwenda kwa daktari, na kijana wake anaulizia bei ya hizo ndogo.

Mwisho nina ombi. Makatibu wa matawi, kila mmoja aniletee kabla ya mkutano ujao idadi ya wanachama wake walioumia kwa kuanguka na ambao hawawezi tena kuendesha chombo chao. Mtu mmoja akiulizia bei dukani huuzwa kama mmoja. Kumi wakienda pamoja, mwenye duka huvuta kiti akakaa kuzungumza. Na mwenye habari zaidi kuliko hizi zangu asizifiche.

Wasalaam,

Katibu