Kibao cha Germantown: Hati Iliyotangulia Sheria kwa Miaka 92

Kando ya barabara ya Germantown, katika jiji la Philadelphia nchini Marekani, kimesimama kibao cha rangi ya buluu chenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Vibao vya namna hiyo ni vingi katika jimbo la Pennsylvania, na wapita njia wengi hawageuzi hata shingo kuvitazama. Lakini hiki chaonyesha mahali ilipokuwa nyumba ya mhamiaji aliyeitwa Thones Kunders. Humo ndimo, mwaka 1688, ilimoandikwa hati ya kupinga utumwa wa Waafrika, wakati nchi hiyo ingali koloni la Waingereza.

WAGENI KUTOKA KREFELD

Kunders alikuwa mtia rangi nguo. Aliwasili mwaka 1683, akiwa miongoni mwa familia 13 zilizotoka mji wa Krefeld, Ujerumani, ambazo nyingi zilikuwa za wafumaji. Walivutwa na koloni la William Penn kwa sababu liliahidi uhuru wa kuabudu. Wengi wao waliabudu pamoja na madhehebu ya Marafiki, yaleyale ambayo yalifika Kaimosi, nchini Kenya, mwaka 1902.

Walipokwisha kujenga makao, waliona jambo lililowafadhaisha. Baadhi ya Marafiki wenzao, watu wa sala na wapenda amani, walikuwa wakinunua Waafrika na kuwamiliki kama mifugo.

MASWALI YASIYO NA JIBU

Watu wanne walitia saini hati hiyo: mwanasheria Francis Daniel Pastorius, Garret Hendericks, na ndugu wawili, Derick na Abraham op den Graeff. Hoja yao kuu ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu amtendee mwenzake kama ambavyo angependa kutendewa, bila kujali kabila wala rangi. Waliwakumbusha wenzao jinsi wasafiri wa baharini walivyotetemeka walipoona merikebu ngeni, wakihofu kutekwa na kuuzwa utumwani Uturuki. Je, hofu hiyo ilikuwa halali kwa Mzungu na si halali kwa Mwafrika?

Waliuliza pia kama yuko tofauti mwizi wa watu na yule anayenunua watu walioibwa. Walilaani desturi ya kumtenga mke na mumewe, na kuwauza watoto mbali na wazazi wao. Mwisho waliuliza swali zito kuliko yote: watumwa wakiinuka kudai uhuru wao, je, hawana haki ya kuupigania sawa na ile ambayo mabwana wanadhani wanayo ya kuwashikilia? Na hao mabwana wasiotaka vita, watashika upanga?

MIKUTANO MITATU

Hati ilipelekwa kwanza kwenye mkutano wa mwezi. Wazee wakaona jambo ni zito mno, wakalipeleka kwenye mkutano wa robo mwaka. Huko nako likasukumwa mbele hadi mkutano wa mwaka, uliofanyika Burlington. Mkutano huo ukaamua kwamba haifai kutoa hukumu. Hakuna aliyezijibu hoja. Karatasi iliwekwa kando tu.

Ilifika mwaka 1776 ndipo mkutano uleule wa mwaka ulipowakataza waumini wake kumiliki watumwa. Sheria ya Pennsylvania ilifuata mwaka 1780, miaka 92 baada ya hati. Hata hivyo, sheria hiyo haikuwafungua waliokuwa watumwa tayari, na watoto waliozaliwa na mama mtumwa baada ya hapo walipaswa kutumika hadi umri wa miaka 28.

Hati yenyewe ilisahauliwa mpaka ilipogunduliwa mwaka 1844 na kuchapishwa. Baadaye ikapotea tena, ikaonekana mwaka 2005 katika chumba cha kuhifadhia nyaraka mjini Philadelphia.

Kibao huwa na nafasi ya maneno machache tu. Kinamtaja mwenye nyumba na kuhesabu miaka 92 hadi kutungwa kwa sheria. Majina ya Waafrika waliotetewa hayamo, wala hayamo katika hati. Wazee wa mikutano mitatu walisema jambo ni zito, wakaenda nyumbani kwao. Lakini kwa miaka yote hiyo uzito wenyewe ulibebwa na hao wasiotajwa, pamoja na watoto wao.