Gitaa kwa Njia Moja au Mbili: Mono na Stereo katika Kumbi za Lualaba

Katika nchi ya shaba, kuanzia ukingo wa Nzilo ambako maji ya mto Lualaba hugeuzwa umeme, hadi mitaa ya Manika na Dilala mjini Kolwezi, mpiga gitaa ambaye zamani angalihitaji mtu wa pili wa kumsaidia kubeba amplifaya, siku hizi aweza kuingia kanisani au katika karamu ya arusi akiwa na kisanduku kimoja cha kukanyaga kwa mguu, ambacho ndani yake mna mifano ya amplifaya nyingi mashuhuri pamoja na spika zake na miangwi yake yote. Nyuma ya kisanduku hicho mna matundu mawili ya kutolea sauti, la kushoto na la kulia, na hapo ndipo huzuka suala ambalo wapigaji hulijadili kwa hamasa: je, yatumike yote mawili, yaani stereo, au latosha moja, yaani mono? Wengi huamini kwamba mawili lazima yawe bora, na kwamba atumiaye waya mmoja amepungukiwa na mali au maarifa. Makusudio ya makala haya ni kubainisha kwamba imani hiyo haina msingi, kwa kuwa anayestahiki kuamua suala hili ni msikilizaji na mahali aliposimama.

Tuanze na tabia ya mashine yenyewe. Katika amplifaya ya kawaida uzi hutetemeka, pikapu hugeuza mtetemo kuwa umeme, na umeme huo hukuzwa kisha ukapelekwa kwenye spika. Mashine ya kuiga amplifaya, ambayo ilienea sana tangu kampuni ya Line 6 ya Marekani ilipotoa ile iitwayo POD mwaka 1998, huugeuza umeme huo kuwa tarakimu, ikapiga hesabu za namna ambavyo amplifaya fulani ingaliubadilisha, halafu ikaurejesha kuwa sauti. Gitaa, basi, huingia kwa njia moja tu, na upana wote unaosikika mwishoni huzaliwa ndani ya mashine, aghalabu katika mwangwi, katika uvumi wa ukumbi wa kuigizwa, na katika korasi.

Ni muhimu pia kufahamu kwamba sauti ile ile ikitolewa kushoto na kulia pasipo tofauti yoyote, hiyo ni mono iliyopewa spika mbili. Stereo huanza pale pande mbili zinapohitilafiana, hata kwa kiasi kidogo, masikio mawili yakatambua hitilafu hiyo na akili ikaifasiri kuwa ni nafasi. Mfano mashuhuri ni amplifaya ya Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na spika mbili za inchi 12: korasi yake inapofunguliwa, spika moja hutoa sauti safi, ya pili hutoa sauti inayopanda na kushuka kimo kidogo kidogo, na mchanganyiko wake hufanyika hewani, mbele ya msikilizaji. Aliyeisikia kwa ukaribu hawezi kukana uzuri wake.

Walakini uzuri huo una sharti lake, nalo ni kwamba msikilizaji awe katikati. Mwenye spika za masikioni yuko katikati daima, na ndiyo sababu stereo humpendeza sana anayefanya mazoezi chumbani usiku. Ama ukumbini, mambo ni mengine kabisa. Tuchukue mtu aliyesimama mita 3 kutoka spika ya kushoto na mita 10 kutoka ile ya kulia: kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, ile ya kulia humfikia ikiwa imechelewa kwa takriban milisekunde 20, tena ikiwa imepungua nguvu kwa desibeli 10 hivi. Mwaka 1949 Helmut Haas wa Ujerumani alieleza kwamba katika ucheleweshaji mfupi wa namna hii sikio hufuata sauti iliyotangulia, likaidhania sauti nzima kuwa imetoka upande huo. Kwa hiyo wachezaji waliojaa upande wa kushoto husikia nusu ya kushoto, na wale wa kulia nusu yao, na stereo kamili humfikia yule mmoja au wawili waliobahatika kusimama katikati.

Iko hatari ya pili, nayo ni kubwa zaidi kwa sababu haionekani: kuchanganywa kwa njia mbili kuwa moja. Mara nyingi fundi wa sauti, hasa pale spika zote zilipofungwa kwa waya mmoja, huunganisha kushoto na kulia katika mikisa yake, na mpigaji hana habari. Ikiwa upana wa gitaa ulipatikana kwa kuchelewesha upande mmoja kwa milisekunde 1, basi zikiunganishwa pande hizo, mawimbi ya hezi 500 hukutana yakiwa yamepinduana, kilele cha moja juu ya bonde la jingine, yakafutana kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma mlango mmoja, huyu kutoka ndani na yule kutoka nje. Na hali hiyo hujirudia katika hezi 1,500, hezi 2,500 na kuendelea. Sasa, noti ya freti ya 7 kwenye uzi wa kwanza ina hezi 494. Mpigaji atakapoigusa katikati ya sebene (sehemu ya wimbo inayotawaliwa na magitaa), msingi wa noti hiyo utatoweka karibu wote, ibaki sauti nyembamba isiyo na kiwiliwili, naye atalaumu nyuzi, au vidole vyake, ilhali kosa liko katika hesabu za mashine.

Fauka ya hayo, sauti zilizo sawasawa pande zote mbili zikiunganishwa huongezeka kwa desibeli 6, na zile zisizohusiana kabisa huongezeka kwa desibeli 3 tu. Natija yake ni kwamba gitaa kavu husogea mbele na uvumi wa ukumbi hurudi nyuma, hata sauti iliyokuwa laini na pana chumbani ikawa kavu na kali mbele ya watu.

Wapo watakaouliza kama gitaa la njia moja si gitaa lililopungua. Jibu limehifadhiwa katika ardhi hii hii. Mwaka 1952, huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, akipiga «Masanga» kwa gitaa moja lisilo la umeme. Sahani za stereo zilikuja kuuzwa madukani mwaka 1958, kwa hiyo kazi ile ilienea Afrika na ng'ambo kwa mono. Na hata leo asiyeambiwa aweza kudhani kwamba waliopiga walikuwa wawili. Kidole gumba kilishika besi, kidole cha shahada kikaimba juu, kila kimoja kikienda kwa mwendo wake. Sauti hizo mbili zilitengana kwa kimo na kwa wakati, nazo ni tofauti ambazo mono haina uwezo wa kuzifuta. Vivyo hivyo katika bendi za baadaye, solo, mi-solo (gitaa la kati) na gitaa la kusindikiza hueleweka kwa sababu kila moja lina makazi yake katika ngazi ya noti. Na anayepeleka solo yote kushoto na mi-solo yote kulia katika ukumbi wa ngoma huwanyima wachezaji nusu ya mazungumzo ya magitaa hayo mawili, ijapokuwa mpango huo huo hupendeza mno katika rekodi.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Kwanza, sauti itengenezwe kwa mono hadi iridhishe, ndipo ipanuliwe. Pili, katika mpangilio wa ndani, kifaa cha njia moja kisiwekwe baada ya korasi au mwangwi wa stereo, kwa maana kitaukunja upana wote uliotangulia. Tatu, waya ukiwa mmoja, uchomekwe katika tundu la kushoto ikiwa limeandikwa mono, kwa kuwa hapo mashine nyingi huunganisha pande zote mbili. Mahali pasipo na alama hiyo, mwangwi wa kurukaruka kushoto na kulia waweza kupoteza kila pigo la pili. Nne, kabla ya watu kuingia, fundi aombwe kuunganisha njia mbili kwa dakika moja, na mpigaji apande noti zote za uzi wa kwanza akisikiliza iliyofifia. Anayefuata utaratibu huu aweza kuitumia stereo kwa furaha katika rekodi na katika spika za masikioni, na aweza kuingia ukumbi wowote bila hofu, kwa kuwa kila aliyelipa kiingilio, awe mbele ya jukwaa au karibu na mlango, atapata haki yake ya kulisikia gitaa zima.