Mafundi wa viwandani: Tuzo impate anayezuia hitilafu, si anayezima moto tu

USIKU wa Agosti 25, 2023, stima zilipotea karibu nchi nzima. Katika uwanja wa ndege wa JKIA, jenereta ya kuhudumia sehemu ya vituo vya abiria ilikataa kuwaka na wasafiri wakabaki gizani. Siku iliyofuata, mkurugenzi mkuu wa mamlaka inayosimamia viwanja vya ndege alipigwa kalamu.

Sasa jiulize: usiku huo huo, ni hospitali na viwanda vingapi ambavyo jenereta zao ziliwaka bila shida? Mafundi waliozikagua wiki iliyotangulia, nani aliwapigia makofi?

Hiyo ndiyo kazi ya matengenezo ya mitambo. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Na jambo ambalo halikutokea haliingii kwenye habari, wala kwenye payslipu.

Kila mwaka vijana wanatoka vyuo vya kiufundi wakiwa na vyeti vya mekanika na umeme, wakaingia karakana za viwanda. Wengi huanza kama vibarua. Swali la nani anatuzwa, na kwa sababu gani, ndilo litakaloamua kama watabaki kwenye kazi hii au wataitoroka.

Shujaa wa saa nane usiku

Chukua kiwanda cha majani chai, kama vile vilivyoko Kericho, Nyeri au Murang’a. Jani likishachumwa halingoji mtu. Hunyaushwa kwa saa nyingi, mara nyingi kati ya 12 na 18, kisha hupitishwa kwenye mashine ya CTC yenye roli za meno makali. Baada ya kusagwa huachwa libadilike rangi, ndipo liingie kwenye mashine ya kukausha.

Mashine ikikwama hapo katikati, jani lililokwisha kusagwa linaendelea kubadilika tu. Huwezi kuliambia lisubiri fundi. Ubora unashuka, chai inakosa bei nzuri kwenye mnada wa Mombasa, na mkulima ndiye anayeumia bonasi ikitangazwa.

Tuseme kiwanda cha aina hiyo kina timu mbili za mafundi. Ya kwanza hutia grisi kwa ratiba, husikiliza mlio wa beringi, hubadilisha mshipi kabla haujakatika na kunoa meno ya roli kwa wakati. Ya pili hungoja. Beringi ikivunjika saa nane usiku, wanaitwa, wanahangaika hadi alfajiri na mashine inanguruma tena. Meneja akifika asubuhi anawakuta ovaroli zimelowa oili.

Unadhani nani ataitwa mbele ya wenzake kushukuriwa? Ni hao wa pili, na pesa za ovataimu juu yake. Kuhusu wale wa kwanza utasikia tu, “Hao jamaa hukaa karakana wakipiga stori.”

Si kwamba kazi ya usiku ni rahisi. Ni ngumu, na anayeifanya anastahili asante. Lakini kiwanda kinachotuza kazi ya dharura pekee kinawafundisha vijana kwamba hitilafu ndiyo inayolipa. Fundi mchanga hujifunza somo hilo upesi kuliko lile la darasani.

Walichofanya Wajapani

Mnamo 1971, Nippondenso, kampuni ya kutengeneza vifaa vya umeme vya magari ambayo leo inaitwa Denso, ilipokea tuzo ya matengenezo bora ya viwanda nchini Japani. Kilichoipa sifa si fundi mmoja mwenye mikono ya dhahabu. Iliwahusisha wafanyakazi wote. Aliyeendesha mashine ndiye aliyeisafisha, akaitia mafuta na kukaza nati zilizolegea. Mafundi nao wakapata nafasi ya kushughulikia kasoro nzito.

Mfumo huo unajulikana kama TPM, na mpaka leo viwanda vya nchi mbalimbali hutuzwa kwa kuufuata. Anayetuzwa ni kiwanda, baada ya kukaguliwa.

Hesabu ziwe wazi

Tuzo ikitolewa kwa kupendelea, ni afadhali isitolewe. Kwa bahati nzuri kazi hii inapimika.

Kipimo kimoja huitwa OEE. Unaangalia mambo matatu: mashine ilifanya kazi kwa asilimia ngapi ya muda uliopangwa, ilikimbia kwa kasi gani ikilinganishwa na ile inayotakiwa, na bidhaa ngapi zilitoka bila kasoro. Kisha unazidisha. Ukipata 90, 95 na 99 kwa mia, jumla yake ni karibu asilimia 85, kiwango ambacho wengi katika sekta hii hukihesabu kuwa cha juu kimataifa.

Kingine ni muda kati ya hitilafu moja na nyingine. Mashine ikifanya kazi saa 600 na kuharibika mara tatu, wastani ni saa 200. Mwezi ujao ikifika 300, kuna mtu amefanya kazi.

Lakini tahadhari. Ukihesabu hitilafu pekee, watu watazificha. Na timu inayowahi kuwasha mashine bila kuzima swichi kuu na kuitia kufuli wakati mwenzao angali ndani haifai kupewa chochote, hata kama imeokoa saa tano. Mkono uliokatwa na roli haurudi.

Makofi hayalipi karo

Nchini Kenya, Chama cha Watengenezaji Bidhaa (KAM) huwa na tuzo za viwanda vinavyookoa nishati. Ni jambo zuri. Lakini mvuke unaovuja huzibwa na nani? Mota inayokula stima kwa sababu beringi imechakaa hurekebishwa na nani? Kombe likifika kiwandani, lipite karakana kabla ya kuwekwa kwenye kabati la ofisi.

Tena kijana hahitaji kombe pekee. Kiwanda kinaweza kumlipia mtihani wa ufundi wa NITA, apande kutoka gredi ya tatu hadi ya pili. Kinaweza kumwandikia barua inayoeleza hasa alichofanya, au kumpa kibarua hodari kandarasi ya kudumu. Kwa aliyejifunzia kazini bila cheti, kuna utaratibu wa serikali wa kutambua ujuzi wa aina hiyo, na ushahidi wa mwajiri ni msaada mkubwa. Majina ya vibarua na wanafunzi walio kwenye mafunzo yawe kwenye orodha ya timu, maana wao ndio hushika grisi.

Nawe kijana uliye karakana, nunua daftari. Andika tarehe, mashine, ulichokiona, ulichofanya na muda iliokaa bila kuharibika tena. Siku bosi akiuliza timu yako imefanya nini mwaka mzima, usiseme “tulikuwa tu tunaangalia mashine.” Mfungulie daftari, mwonyeshe zile wiki ambazo hakuitwa usiku.